Kigari cha Kubebwa Mgongoni

Vilikuwa viwili, vimewekwa juu ya turubai kati ya mabeseni na majaketi ya baridi, nami nilivitazama kwa hasira kana kwamba vilishanikosea. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha chuma, chenye magurudumu mapana na paa la kitambaa cha bluu. Kingine kilikuwa kidogo, kimekunjwa kama mwavuli, kimeegemezwa kwenye kiroba cha viatu. Watu waliopita sokoni Lushoto siku ile walivishikashika, wakacheka, wakaenda kuchambua masweta. Mimi sikuwa na cha kuchekea. Nilikuwa nachagua kigari cha kumrudishia mwanangu nyumbani, na nikikosea kuchagua angebaki huko alikokuwa.

Huko alikokuwa ni kwa mama mkwe wangu, juu ya Mponde, kwenye vilima vya chai. Na aliyemfikisha huko ni mguu wangu.

Niuseme huo mguu mapema, maana watu wengi huuona kabla hawajaniona mimi. Polio ilinipata nikiwa mdogo, ikaondoka na nguvu za mguu wa kushoto. Natembea na fimbo. Cherehani yangu naikanyaga kwa mguu mmoja, na nguo zangu hazikuwahi kurudishwa na mteja kwa sababu hiyo. Wakati bidhaa zilipokuwa za kupanga foleni, nilishona magauni ya harusi kwa vitambaa ambavyo watu walivipata kwa kujuana. Kisha ikaja enzi ya ruksa, marobota ya kafa Ulaya, yaani mitumba, yakapanda mlima na malori, na magauni yakawa yanapatikana chini, kwenye turubai, tayari yameshonwa. Kazi yangu ikawa kupunguza suruali za watu wanene nisiowajua ili ziwatoshe watu wembamba ninaowajua. Mume wangu naye shirika lao lilipunguza wafanyakazi, akashuka Dar es Salaam kutafuta maisha. Nikabaki mimi, cherehani, na mtoto wa kiume asiyependa kuwekwa chini.

Nilimbeba mgongoni kama mwanamke yeyote. Kwenye tambarare hakuna aliyekuwa na neno. Kwenye miteremko majirani walikuwa wakishika vifua vyao kwa niaba yangu, nami nilikuwa nawajibu kwa ukali kwamba wanishikie midomo yao badala ya vifua. Halafu siku moja ya mvua, nikirudi kutoka kliniki ya watoto, udongo uliteleza chini ya fimbo. Nilianguka ubavu. Mtoto aligonga kichwa kwenye jiwe, akachanika juu ya nyusi, na damu ikamwingia jichoni. Nilikaa kwenye tope nimemkumbatia, nikipiga kelele, mpaka watu wakaja kutuinua.

Kidonda kilipona. Habari hazikupona. Zilifika Mponde kabla ya nyuzi za kidonda kutolewa, na mama mkwe akaja na basi, akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamchukua mtoto, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akalitazama lile kovu kwa muda mrefu. Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea, ningepata pa kumjibia.

"Mwanangu," alisema, "nampeleka nyumbani."

"Mpaka lini, mama?"

"Siku utakayoweza kuja peke yako, ukamtoa kwangu ukamfikisha barabarani, bila mtoto kubebwa na mtu mwingine, umchukue. Sitakuzuia."

Alikusanya nguo za mtoto, akachukua na ile kanga ya mbeleko, maana yeye ndiye aliyenipa kanga hiyo mtoto alipozaliwa. Akamfunga mgongoni kwa kanga hiyo hiyo, akaenda kusubiri basi.

Mtu wa mbali anaweza kuona hilo kama wizi. Kwetu si hivyo, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtoto wa kwanza kwenda kwa bibi yake akishaachishwa ziwa ni jambo la kawaida kabisa. Watu waliniambia nipumzike, nishone, nishukuru. Mume wangu alituma salamu na dereva wa lori la kabichi kwamba mama anajua kulea, nisiwe na wasiwasi. Lakini mimi nilimjua wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mtoto wake wa kwanza alipelekwa kule kule kwa muda mfupi. Sasa alikuwa kijana wa kunyoa ndevu, naye alimwita bibi yake mama, na mama yake akamwita dada. Wifi aliitika tu. Nilishawahi kumtazama usoni wakati akiitika, na sikuwahi kuusahau uso ule.

Nilikwenda kumwona mtoto mara moja. Nilipomnyooshea mikono alijificha kwenye sketi ya bibi yake, akanichungulia kama anavyochunguliwa mgeni aliyekuja kuomba maji. Nilirudi Lushoto nikiwa nimeuma meno safari nzima.

Kwa hiyo nilipoviona vile vigari nilisimama. Muuzaji alikuwa mama wa Kipare, mnene, mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya soko. Hakujua sana alichokuwa anakiuza, na alikubali hivyo.

"Shoga, vilikuja katikati ya vyombo," alisema. "Wazungu wanawasukuma watoto humu. Kwenye lami yao."

"Nataka kujaribu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Nipe kabichi."

Alinitazama kidogo, kisha akamwomba jirani yake kabichi mbili kubwa na mfuko wa viazi, tukakadiria uzito wa mwanangu kwa mikono kama tunavyokadiria kuku. Nikavipakia kwenye kile kigari kikubwa kwanza. Kilitembea vizuri mno. Niliegemea mpini wake kwa uzito wangu wote, hakikutikisika, nikapata wazo la kipumbavu kwamba hata fimbo naweza kuiacha. Nilikizungusha kati ya mabeseni nikijiona malkia. Watu walisogea kutazama. Mmoja akasema nimenunua gari kabla ya mume wangu, nikamwambia aje anisukume basi kama yeye ni fundi wa maneno.

Kisha nikajaribu kile chepesi. Kilifunguka kwa kubonyeza kwa mguu, kikasimama kwenye vigurudumu vidogo kama vifuniko vya chupa. Mipini yake ilikuwa miwili, imeachana, kila mmoja umepinda kama mpini wa bakora. Nikapakia kabichi na viazi, nikashika, nikaegemea kama nilivyoegemea kile cha kwanza. Kikainua miguu ya mbele, kikaangukia nyuma, na kabichi zikabingirika mpaka kwenye turubai la viatu.

Soko zima lilicheka. Mimi niliona paji la uso la mwanangu kwenye zile kabichi, na damu, na jicho lililofumba. Niliziokota mwenyewe, nikizitazama kama zimeumia.

"Hicho si chako," muuzaji alisema, sasa kwa upole. "Chukua hiki kikubwa. Kina akili."

Nilikuwa karibu kukubali. Nilipeleka mkono wangu kifuani, mahali ninapoweka hela, nikaanza kufungua fundo. Halafu nikakumbuka njia. Kutoka kituo cha kupimia majani ya chai, ambako basi hushusha, mpaka kwa mama mkwe, hakuna barabara. Kuna njia ya miguu inayopanda katikati ya chai, imebana kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja huingia shambani, na kuna kijito cha kuvuka. Kigari kingenisaidia kushuka tu, na kabla ya kushuka lazima kipande. Nani angekipandisha? Nikimtafuta mtu wa kunibebea, mama mkwe angesema ameona kwamba siwezi, na angekuwa ameona kweli. Kitu cha kunifaa mimi kilikuwa kile ninachoweza kukibeba mwenyewe.

Nilivua kanga ya kiunoni, nikakikunja kile chepesi, nikakiweka mgongoni, nikakifunga mbeleko. Nilitembea na fimbo yangu mpaka mwisho wa soko na kurudi, nikiwa na vigurudumu vinne vimechungulia juu ya bega. Wanawake wa mboga walishikana kwa kicheko. Mmoja aliniuliza amemfuata baba au mama. Mimi nilikuwa nasikiliza nyonga yangu. Nyonga ilisema inaweza.

"Nachukua hiki," nilisema.

"Kitamwangusha mtoto," alisema muuzaji.

"Nikikiegemea. Sitakiegemea."

Ndivyo nilivyosema, kwa kiburi. Nyumbani nilikaa nikakitazama. Kitu ambacho sitakiegemea, nitakishikaje kwa mkono mmoja wakati mwingine una fimbo? Nilikisukuma uani kwa mkono mmoja, kikazunguka kama ng'ombe aliyevutwa pembe moja. Nikashona. Nilikata miguu ya suruali ya jinzi, nikaikunja mara mbili, nikapiga cherehani juu yake mpaka sindano ikavunjika, nikaweka nyingine. Nilitengeneza mkanda mmoja wa kuunganisha ile mipini miwili ili niweze kuishika katikati. Nikatengeneza mwingine mrefu, wa kukifunga kigari kiunoni mwangu, ili nikiteleza kisikimbie bila mimi. Na kiti chake kilichochanika nilikifumua chote nikakishona upya, na kamba za kumfunga mtoto kifuani na kati ya miguu. Kila mshono niliuvuta kwa meno.

Nilipanda basi la Bumbuli na Mponde kigari kikiwa mgongoni. Kondakta alitaka kukipeleka juu ya paa na magunia, nikakataa, akasema basi nilipe nauli ya mtoto, abiria wakacheka, nikamwambia mtoto huyo atakapolia nitamlipia. Baada ya Soni sikuwa na utani tena. Nilitazama vilima vikipita dirishani na kila mteremko niliupima kwa macho, nikijiuliza huu je, huu ningeuweza. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Udongo ulikuwa mwekundu na unang'aa, na mimi naujua udongo ukiwa hivyo.

Nilishuka kituoni mchana. Akina mama waliokuwa wakisubiri majani yao yapimwe walinikaribisha, wakanisalimia, wakauliza nimebeba nini, na nilipowaambia waligeukia makapu yao kwa adabu. Nilianza kupanda. Kupanda kwangu si tatizo kubwa, huwa nachelewa tu. Nilifika kwenye kijito nikiwa nimelowa jasho, nikainua macho, nikasimama.

Daraja lilikuwa la magogo matatu yaliyolazwa pamoja. Mafuriko yalikuwa yamechukua mawili. Limebaki moja, la mkaratusi, limemenywa ganda, na chini yake maji yalipita kwa kelele, rangi ya chai ya maziwa. Wenyeji walikuwa wakivuka juu yake kwa miguu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nilikaa. Nikalipanda lile gogo kama farasi, fimbo nimeishika kwa meno, nikajisukuma kwa mikono mpaka upande wa pili. Kigari mgongoni hakikunisumbua, chepesi kilikuwa chepesi. Lakini nilipofika ng'ambo niligeuka nikalitazama tena, nikaanza kuogopa kwelikweli. Kesho ningelivuka na mtoto, na mikono miwili haitoshi kujisukuma, kumshika mtoto na kubeba kigari.

Mama mkwe alinipokea vizuri. Hilo pia lilinikasirisha. Alinipa uji, akanipa maji ya moto ya kukanda nyonga, akaniambia pole na safari. Mwanangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mnene, msafi, kovu limebaki mstari mwembamba. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Nilimwita. Alimtazama bibi yake kwanza, kama anayeuliza ruhusa, ndipo akanitazama mimi.

Nilikifungua kigari barandani. Mama mkwe alikizunguka akiwa amefunga mikono nyuma.

"Kinakula nini hiki?"

"Hakili, mama."

Alikigusa kwa kidole kimoja, kikasogea. Akakigusa tena. Aliona jinsi kilivyo chepesi na uso wake ukakunjamana.

"Kijito umekiona?" aliuliza.

"Nimekiona."

"Mbao zitaletwa. Wanaume wamesema baada ya mavuno. Ungesubiri."

"Nitaondoka kesho asubuhi, mama, na basi la kushuka."

Alikaa kwenye kigoda akamvuta mtoto mapajani. Kisha aliongea kwa Kishambaa, kama alivyokuwa akifanya alipotaka kusema jambo la kweli.

"Simkatai mtoto wako kuwa wako. Mimi niliona lile jeraha. Nikifumba macho naliona. Sitaki kuliona tena."

Nilitaka kumjibu kwamba mimi pia naliona, kwamba mimi ndiye niliyekaa nalo kwenye tope. Badala yake nilisema nimesikia. Nilimchukia na nilimwelewa kwa wakati mmoja, na sijui kama kuna uchovu unaozidi huo.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamvalisha sweta. Kisha akanikabidhi. Hakumbusu wala hakulia. Mimi nikamweka kwenye kigari, nikamfunga zile kamba, akakakamaa na kupiga kelele kwa sababu hakuwahi kuwekwa kwenye kitu kama kile. Nilimpa kipande cha muwa, akanyamaza kwa mashaka. Nikajifunga mkanda kiunoni, nikashika fimbo, nikaaga. Mama mkwe alichukua kijiti chake cha kutembelea akaanza kutufuata. Alitembea nyuma yetu, mbali kidogo.

Mwanzoni njia ilikuwa ya wastani. Nilikishika kigari kwa ule mkanda wa katikati, nikikizuia kuliko kukisukuma, na kila nilipotaka kuegemea nilijikumbusha kabichi. Mwili wangu umezoea kuegemea chochote kilicho mbele yake. Kuukatalia ilikuwa kazi kuliko kutembea. Vigurudumu vilikwama kwenye mizizi, nikavinyanyua. Vikajaa udongo, nikavikwangua kwa fimbo. Majani ya chai yalitulowesha pande zote mbili.

Tulipofika kwenye mteremko mkali nilisimama. Udongo pale ulikuwa umesuguliwa na miguu ya watu ukawa laini kama sabuni. Nilijua nikiushuka nimesimama nitaanguka, na nikianguka tutaanguka wote, maana nimejifunga. Nyuma yangu nilisikia kijiti cha mama mkwe kikisimama pia. Alikuwa anangoja nigeuke.

Nilikaa chini, kwenye tope, na gauni langu zuri. Nikanyoosha mguu mzima mbele nikiuchomeka kisigino ardhini, nikauacha mkanda uteleze kidogo kidogo mikononi, kigari kikatangulia, nami nikakifuata kwa makalio. Mtoto alifurahi. Ndiye peke yake aliyefurahi. Nilisimamisha, nikavuta pumzi, nikaachia tena. Jinzi ilinichuna viganja, na mishono ikatoa mlio, nami nikawa naisemesha mishono yangu kwa sauti, nikiiambia isinitie aibu leo. Tulipofika chini nilikuwa nimejaa udongo mpaka kiunoni na mtoto hakuwa na hata doa.

Kisha kijito.

Nilimfungua mtoto, nikakikunja kigari, nikakilaza kwenye nyasi. Nilichomoa ule mkanda mrefu nikamfunga mtoto kifuani kwangu, uso kwa uso, nikauzungusha mgongoni mara mbili na kuukaza mpaka akaguna. Niliitupa fimbo ng'ambo. Nikakaa juu ya gogo.

Gogo lilikuwa limelowa kwa ukungu. Mguu wa kulia uliweza kulibana, wa kushoto ulining'inia tu, kwa hiyo kila nilipojisukuma mbele nilipinda upande, nikalazimika kujirudisha kwa mikono. Nilikuwa nimefika katikati mtoto alipogundua kwamba bibi yake amebaki. Alimwona juu ya bega langu. Akaanza kupigana. Alisukuma kifua changu kwa mikono yake yote miwili, akajinyoosha kwenda nyuma, akimwita.

"Mama! Mama!"

Alikuwa anamwita yeye. Nilisikia neno hilo likipita pembeni ya sikio langu kwenda kwa mtu mwingine, na mikono yangu ikasimama palepale, juu ya maji. Nilidhani nitalia nikaona hakuna nafasi. Nililala mbele, nikamfunika kwa kifua, nikalikumbatia gogo naye akiwa katikati, nikabaki hivyo nikihesabu pumzi zake. Ng'ambo nyuma yangu sikusikia kitu. Mama mkwe hakupiga kelele, hakuniambia nirudi. Baadaye nilifikiri kwamba hiyo ndiyo kazi ngumu aliyoifanya siku ile, kunyamaza.

Alipochoka kupigana nilijiinua, nikaendelea. Nilivuka kwa kuburura, sina njia nyingine ya kulisema. Mkono wangu uliposhika majani ya ukingo niliyang'oa kwa nguvu nilizoyashikia. Nilijivuta nikakaa, nikamfungua, nikamgusa kichwa chote, nyusi, mikono, magoti. Alikuwa mzima. Alikuwa amekasirika tu.

Hapo ndipo nilipokitazama kigari. Kililala ng'ambo kwenye nyasi, kimekunjwa. Bila kigari nisingemfikisha barabarani. Kutoka hapo njia bado ilikuwa inashuka. Kukifuata ilibidi nimwache mtoto peke yake kwenye ukingo wa maji, mtoto ambaye tayari alikuwa anatambaa kumrudia bibi yake. Kumbeba tena na kurudi naye sikuwa na mikono ya kufanyia hivyo. Nilikaa nimemshika sweta, nikatafuta akilini, sikupata. Nilimtazama mama mkwe. Yeye alinitazama mimi. Sikumwomba, na kweli sikuwa naringa. Sharti lilikuwa lake na nilitaka kulimaliza lote, nisije nikadaiwa kipande.

Alikiinamia kigari. Alikiinua kwa mkono mmoja, akastaajabu kidogo, akakiweka kichwani juu ya kilemba chake. Akapanda gogo akiwa amesimama wima, kwa miguu mitupu, viatu vyake vya kanisani amevishika mkononi pamoja na kijiti, akavuka kama anayevuka sebule. Alikitua mbele yangu.

"Nilisema mtoto asibebwe na mtu mwingine," alisema. "Kigari sikukitaja."

Nilikivuta kigari kwangu.

"Kinafunguliwaje?" aliuliza.

Nilimwonyesha pa kukanyaga. Kilipofunguka alirudi nyuma kidogo, kisha akamchukua mtoto kutoka mikononi mwangu. Akajikumbuka. Akamrudisha, akasubiri nimweke mimi. Nilipomweka aliinama akafunga kamba mwenyewe, akauvuta kila mshono kwa vidole viwili, kwa nguvu, mmoja baada ya mwingine.

"Hizi hukununua."

"Nimeshona."

Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alitoa ile kanga ya mbeleko iliyokuwa mabegani mwake, akamfunika mtoto miguu kwa sababu ya ukungu, akaiacha. Kisha akapanda gogo, akavuka, akashika njia ya kurudi juu. Nilimtazama mgongo. Alitembea polepole kuliko alivyokuja.

Mtoto aliona anavyokwenda. Akanyoosha mkono kutoka kwenye kigari.

"Mama!"

Hakugeuka, ingawa najua alisikia, maana mabega yalisimama.

"Mama!"

"Abee," niliitika.

Akanyamaza. Akazungusha kichwa kule nyuma ya kiti, kwa shida, kamba zikimzuia, kumtafuta aliyeitika.